Uraia wa Uingereza: njia ya ndoa, ya kazi, ya mtoto, au ubaki na makazi ya kudumu tu? Tulinganishe

Wakuu, kila wiki kuna mtu anauliza njia ipi rahisi ya kupata pasi ya Uingereza, na kila wiki majibu ni yale yale: oa mwenye pasi, zaa mtoto huku, si babu yako alizaliwa enzi za mkoloni, na karibu yote hayo ni ukweli nusu. Sasa ngoja niziweke njia zenyewe pamoja ili mtu aone yake ni ipi. Na niseme mapema, wengi wetu hatuchagui kati ya njia kumi, unachagua kati ya mbili tatu ambazo maisha yako tayari yamekuwekea.

Kitu cha kwanza kukiweka kichwani: mtu mzima mgeni hatoki kwenye viza akaenda moja kwa moja kwenye uraia. Katikati pale kuna geti, linaitwa makazi ya kudumu, ILR, wengine wanasema tu "kupata makaratasi". Ukishalivuka hilo kazi kubwa imekwisha, uraia wa tajnisi (yaani ule anaopewa mgeni aliyeomba) unaofuata ni fomu, watu wawili wa kukudhamini kwamba wanakujua, na hela. Kwahiyo ukitaka kulinganisha ndoa na kazi usiulize ipi inatoa pasi, uliza ipi inakufikisha getini ukiwa mzima na mfuko wako haujatoboka.

Ndoa au kazi

Hapa ndo kwenye uongo mwingi. Watu wanaamini ukioa au ukiolewa na Muingereza ni miaka mitatu umemaliza. Hapana. Ile miaka mitatu ipo kweli kwenye sheria, lakini ni muda wa kuwa umeishi huku kabla ya kuomba uraia, na siku unaomba lazima uwe tayari na makazi ya kudumu, na makazi ya kudumu kwa viza ya mwenza yanakuja baada ya miaka 5. Kwahiyo hesabu yako ni hii: ukitokea nje unapewa miezi 33, unaongeza miezi 30, unaomba ILR, ikitoka tu unaruhusiwa kuomba uraia hata kesho yake. Mwenye viza ya kazi naye anakaa miaka 5, anaomba ILR, alafu anatakiwa akae nayo miezi 12 ndo aombe uraia. Umeona tofauti? Ni mwaka mmoja. Yaani ule mwendo kasi wa ndoa ambao watu wanauota ni mwaka mmoja tu.

Kwenye hela ndoa inauma zaidi, niamini. Chukua bei za kuanzia Aprili 2025: viza ya mwenza ukiomba kutoka nje pauni 1,938, kuongeza ukiwa ndani 1,321, tozo ya afya (ya kutibiwa kwenye hospitali za serikali) pauni 1,035 kwa kila mwaka ambayo unailipa kwa mkupuo unapoomba viza, ILR 3,029, uraia 1,605 na juu yake 130 ya sherehe ya kiapo. Jumlisha, inapita pauni 13,000 kwa mtu mmoja, na hapo sijaweka mitihani, mwanasheria, wala nauli za kwenda kuchukuliwa alama za vidole. Na bei hizi hupandishwa, mara nyingi mwanzoni mwa Aprili, kwahiyo usikariri, angalia tovuti ya serikali siku unayolipa. Tena kabla ya yote hayo mwenza wako wa huku anatakiwa aonyeshe kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka, ilipandishwa hivo Aprili 2024 kutoka 18,600, na kuna ndoa nyingi halali kabisa zimekwama hapo kwasababu mtu anafanya kazi ya usafi au stoo na mshahara haufiki.

Njia ya kazi, waajiri wengi wanalipa sehemu ya gharama, na walio kwenye viza ya afya na huduma hawalipi ile tozo ya afya kabisa, hiyo peke yake kwa miaka 5 ni zaidi ya pauni 5,000 umeokoa. Tatizo lake ni kwamba mlango umebanwa. Viza ya walezi wa wazee ambayo ilifunguliwa Februari 2022 na ikaleta ndugu zetu wengi sana, imefungwa kwa walio nje tangu 22 Julai 2025, na siku hiyo hiyo kiwango cha kawaida cha mshahara kwa viza ya ujuzi kikapanda mpaka pauni 41,700. Manesi na madaktari bado wana njia yao na viwango vyao vya mshahara viko chini ya hapo, ila wewe uliyekuwa unapanga kuja kulea wazee, hilo lilishapita.

Alafu kuna hatari, na hapa kila njia ina ya kwake. Kwenye kazi unamtegemea sponsa, yaani mwajiri mwenye leseni aliyekudhamini viza. Kampuni ikinyang'anywa leseni au ukiachishwa kazi, kwa kawaida unapewa siku 60 utafute mwingine au uondoke, na siku 60 zinakimbia. Kwenye ndoa unamtegemea mtu, na mtu naye anaweza kukugeuka, kuna dada zetu wanaambiwa "nitakurudisha kwenu" kila wakikosana. Dada kama unasoma hapa: ukiwa kwenye viza ya mwenza na unapigwa au unanyanyaswa, sheria inakuruhusu uombe makazi ya kudumu hapo hapo bila kusubiri miaka 5 na bila ruhusa ya huyo bwana. Usikubali kutishwa na mtu ambaye hana uwezo wa kufuta viza yako kwa mdomo.

Ndoa ikivunjika baada ya kupata ILR, ILR yako inabaki, ila ile ruhusa ya kuomba uraia haraka imeondoka maana siku ya kuomba lazima uwe mke au mume wa raia. Unarudi kwenye foleni ya kawaida, miaka 5 ya kuishi na miezi 12 ya kushika ILR. Na jambo jingine ambalo watu wanalikosa, kuoana na mtu mwenye ILR sio sawa na kuoana na raia. Viza utapata, lakini kwenye uraia unahesabiwa kama mtu wa kawaida mpaka yeye awe raia. Ndo maana kwenye nyumba ambayo baba alitangulia na mama akaja miaka miwili baadae, ningewashauri baba aombe uraia mapema akiweza, ili mama akipata ILR yake asisubiri tena mwaka mzima.

Siku za kusafiri nazo zinapishana. Mwenza wa raia ndani ya ile miaka 3 asizidishe siku 270 nje, mwingine ndani ya miaka 5 asizidishe 450, na wote mwaka wa mwisho siku 90. Kuna kimoja kinawakuta wengi, siku ile kamili ya miaka 3 au 5 nyuma kabla ya maombi kupokelewa lazima ulikuwa umekanyaga ardhi ya Uingereza. Kama siku hiyo ulikuwa Tanga kwenye arusi, sogeza tarehe ya kuomba, ni bure kusogeza.

Vinavyofanana ni vingi kuliko vinavyotofautiana: mtihani wa Life in the UK (wa maisha na historia ya Uingereza), maswali 24 dakika 45, upate 18, pauni 50 kila ukirudia, kiingereza cha kiwango cha B1, yaani cha kati, kuongea na kusikia (uliyefanya kwa ajili ya ILR hurudii, na mwenye digrii iliyofundishwa kwa kiingereza anaitumia hiyo, ila ya nje ya Uingereza inabidi ithibitishwe kwanza), na mwenye miaka 65 kwenda juu anasamehewa vyote viwili. Wakenya, Watanzania na Waganda hatuko kwenye orodha ya nchi zilizosamehewa kiingereza, hata kama umesoma kwa kiingereza tangu chekechea, ndo hivo.

Kwa ushauri wangu, kama una ndoa ya kweli na pia una kazi inayotoa sponsa, kaa kwenye ya kazi hasa ukiwa nesi. Inatoka nafuu, kichwa kinatulia, na ukipata ILR wakati mwenza wako ni raia bado unaruhusiwa kuomba uraia siku hiyo hiyo, maana sheria haijali ILR yako ilitoka kwenye viza gani. Jambo moja tu linaweza kunifanya nibadili mawazo: serikali ilitangaza mwaka 2025 kwamba inataka muda wa kawaida wa kufika ILR uwe miaka 10 badala ya 5, na wenza wa raia ikasema watabaki kwenye 5. Hilo likikubana, basi ndoa ndo inakuwa fupi kwelikweli. Angalia sheria ilivyo siku unapofanya uamuzi, sio ilivyokuwa jirani yako alipoomba.

Wa masomo wenzangu, miaka ya uanafunzi haihesabiwi kwenye ile 5 ya kazi. Inahesabiwa kwenye njia ya miaka 10 ya kuishi kihalali mfululizo, hiyo inachanganya viza za aina nyingi, ila usiache pengo. Na jeshi: Mkenya au Mtanzania kama raia wa Jumuiya ya Madola anaweza kujiunga na jeshi lao nafasi zikiwepo, akitumikia miaka 4 anaweza kuomba makazi anapotoka, na aliyetumikia 6 halipi ada ya ILR. Sio njia ya kuchagua kwa ajili ya pasi tu, unaweza kupelekwa vitani.

Wakimbizi

Ndugu zangu wa Kongo, Burundi na Somalia, kwenu ilikuwa miaka 5 ya hifadhi alafu ILR bila ada, na nadhani kwa upande wa gharama hiyo ndo njia nafuu kuliko zote, uraia wenyewe ndo unalipia. Lakini mawili yamebadilika. Tangu 10 Februari 2025, anayeomba uraia na aliingia nchini kinyume cha sheria, kwa boti au kujificha kwenye lori, mwongozo unasema kwa kawaida akataliwe hata kama imepita miaka mingi. Na Novemba 2025 serikali ikatangaza mpango wa kurefusha sana muda wa mkimbizi kufika kwenye makazi ya kudumu. Hii ni kesi ya kwenda nayo kwa mwanasheria aliyesajiliwa, sio ya kujazia fomu na shemeji.

Watoto

Mtoto kuzaliwa London sio uraia. Ilikuwa hivyo zamani, aliyezaliwa huku kabla ya 1 Januari 1983 alikuwa raia isipokuwa wa wanadiplomasia. Kuanzia tarehe hiyo, ilipoanza kutumika sheria ya uraia ya 1981, mtoto anakuwa raia akizaliwa kama mzazi mmoja angalau siku hiyo ni raia au ana makazi ya kudumu. Kwahiyo watoto wawili wa mama mmoja, hospitali moja, wa kwanza kazaliwa mama yupo kwenye viza, wa pili kazaliwa mwezi baada ya ILR: wa pili ni raia bure, unaenda tu kumchukulia pasi, wa kwanza analipiwa ada ya kusajiliwa, kwa bei za Aprili 2025 ilikuwa pauni 1,214. Na mtoto hampi mzazi uraia, hilo tulifute kabisa, ana mchango kwenye baadhi ya viza za familia lakini hakuna mahali mzazi anabebwa na mtoto mpaka kwenye pasi.

Kwa huyo wa kwanza una chaguo mbili. Moja, mzazi mmoja akishapata ILR, unamsajili mara moja, ni haki yake. Mbili, kama wazazi mmekwama, hamna ILR, hata kama hamna viza kabisa, mtoto akizaliwa huku na akaishi huku miaka 10 ya kwanza ya maisha yake bila kuzidisha siku 90 nje kwa mwaka, anayo haki ya kusajiliwa yeye kama yeye, hali ya wazazi haiulizwi. Hii ya pili inaokoa familia nyingi zilizojificha na hawaijui. Usiisubiri kama ya kwanza ipo, maana kuanzia miaka 10 mtoto naye anaangaliwa tabia, na kijana wa miaka 13 mwenye kesi ya polisi anaweza kuharibikiwa na kitu ambacho akiwa na miaka 6 kisingeulizwa. Kuhusu hela, tangu Juni 2022 familia isiyo na uwezo inaweza kuomba mtoto asamehewe ada, na aliye kwenye malezi ya halmashauri halipi.

Mtoto uliyemleta kutoka nyumbani ni tofauti, yeye kusajiliwa ni hiari ya Home Office (wizara yao ya mambo ya ndani), wanataka waone mzazi mmoja ni raia au anaomba, na mwingine ana makazi, na maisha ya mtoto yako huku. Wengi wanamuombea pamoja na mzazi, na naona ni busara.

Kitu ambacho watu hawakifikirii mpaka wajukuu wanafika: ukishakuwa raia wa tajnisi, mtoto utakayezaa baadae hata ukiwa Mombasa anazaliwa raia wa Uingereza kwa kurithi. Lakini yeye, aliyerithi, akizalia Nairobi, mtoto wake hapati moja kwa moja. Inarithishwa kizazi kimoja nje. Zipo njia za kumsajili huyo mjukuu, mfano kama mzazi wake aliwahi kuishi Uingereza miaka mitatu mfululizo kabla ya kuzaa, ila ni kazi na ada. Kama binti yako yuko hivo na ana mimba na anaishi huku huku, azalie huku.

Babu alizaliwa enzi za mkoloni

Samahani, kwa walio wengi haitoi kitu. Tanganyika ilikuwa ya udhamini, Zanzibar na Uganda zilikuwa chini ya ulinzi, pwani ya Kenya yenyewe ilikuwa mali ya Sultani wa Zanzibar iliyokodishwa, na watu wa sehemu hizo walikuwa "watu wanaolindwa" sio raia wa Uingereza. Waliozaliwa ndani ya koloni la Kenya walikuwa na uraia wa Uingereza na makoloni, lakini aliyegeuka raia wa Kenya 12 Desemba 1963 kwa kawaida aliupoteza siku hiyo hiyo. Waliobaki na pasi za Kiingereza ni hasa Wahindi wa Kenya na Uganda, na hata wao walifungiwa mlango na sheria ya uhamiaji ya 1968, mpaka Idi Amin alipowapa siku 90 mwaka 1972 ndo Uingereza ikapokea zaidi ya 27,000 kutoka Uganda.

Damu inasaidia kwa namna tatu tu ambazo ningekwambia ufuatilie. Mama yako alizaliwa Uingereza na wewe ulizaliwa nje kabla ya 1983, enzi hizo mama alikuwa harithishi, sasa unasajiliwa na maombi yenyewe hayana ada. Baba yako ni Muingereza na hakuwa kaoana na mama na ulizaliwa kabla ya 1 Julai 2006, nawe kuna usajili wako, wapo wengi hawa pwani na hawajui, kazi ni kuthibitisha baba. Au bibi au babu mmoja alizaliwa Uingereza penyewe: hiyo haitoi uraia, inatoa viza ya ukoo ya miaka 5 kwa raia wa Jumuiya ya Madola, unafanya kazi yoyote bila sponsa, na mwisho wake ni ILR. Mwenye hiyo karata aitumie kabla hajafikiria viza ya kazi wala ya ndoa.

Uchukue uraia au ubaki na ILR?

Hili ndo swali halisi la kuchagua, maana hapo juu kote sana sana unafuata ulipo. Na jibu linategemea pasi yako ya nyumbani kuliko kitu kingine.

Mkenya, chukua. Katiba ya 2010 inakuruhusu uwe na uraia pacha kama wewe ni raia wa kuzaliwa, unatakiwa tu utoe taarifa ndani ya miezi 3, usidharau hiyo taarifa ni kosa kisheria. Ukitaka uwaziri au ubunge baadae hapo ndo utakutana na kizuizi. Mganda anaruhusiwa tangu 2009 ila ana taratibu za kuomba, Mrwanda na Mrundi nao wanaruhusiwa. Mkongo, katiba yenu ya 2006 inasema uraia wa Kongo ni mmoja na hauchanganyiki na mwingine.

Sisi Watanzania ndo tunalala macho. Mtu mzima akichukua wa nchi nyingine kwa hiari, wa Tanzania umekwenda. Na hapo umegusa ardhi, maana mgeni hamiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, na mbeba boksi (mtu wetu anayehangaika ughaibuni) aliyejenga Kigamboni na ana shamba Bagamoyo kwa jina lake hilo sio jambo la kupuuza. Mambo ya hadhi maalum kwa diaspora yamekuja na yanasaidia kwa wengine, lakini sio uraia, hupigi kura kwa hiyo. Mtoto wako mwenye vyote viwili yuko sawa mpaka miaka 18, baada ya hapo naye anatakiwa achague.

ILR nayo inakupa nini? Unafanya kazi yoyote, unatibiwa bila tozo, mafao unapata, mtoto akizaliwa huku ni raia. Na kura, watu hawajui, Mtanzania, Mkenya, Mganda na Mrwanda anayeishi huku kihalali anapiga kura hata za bunge kwasababu nchi zetu ziko Jumuiya ya Madola, hahitaji pasi yao. Kwahiyo Mtanzania kwenye kura hapati jipya, Mkongo ndo anapata.

Kinachokosekana kwenye ILR ni uhuru wa kuondoka. Ukikaa nje zaidi ya miaka 2 mfululizo inakufa, inabidi uombe viza ya kurudi. Pia ukifungwa unaweza kurudishwa. Na kusafiri Ulaya na pasi ya Tanzania unajua mwenyewe, foleni za ubalozi, benki stetimenti, barua ya mwajiri, kwa siku nne za Paris.

Kwahiyo mimi naona hivi: Mtanzania mwenye mpango wa kurudi kustaafu nyumbani, mwenye ardhi, na hasafiri sana, abaki na ILR na atumie zile hela za uraia na kiapo (pauni 1,735 kwa bei za Aprili 2025) kumsajili mtoto. Mtanzania ambaye wazazi wanaumwa na anaona anaweza kulazimika kukaa nyumbani miaka mitatu minne kuwauguza, huyu yuko pagumu kweli, maana ILR inamfunga na uraia unamnyang'anya nyumbani kwao, hapo akae na familia aongee kuhusu mali ziandikwe jina la nani kabla hajabonyeza kitufe cha kuomba. Mkenya mwenye ILR anayesubiri sijui anasubiri nini.

Ukiamua kuomba: safisha kodi zako kwanza hasa wa biashara binafsi, taja faini na kesi zote hata ndogo maana kuficha kunaua maombi kuliko kosa lenyewe, na hela hairudi ukikataliwa. Majibu kwa kawaida ni ndani ya miezi 6. Ukikubaliwa bado sio raia, unapewa miezi 3 kufanya sherehe, unaapa kwa Mfalme, kwa Mungu au bila Mungu utachagua, unapewa cheti. Kuanzia dakika hiyo viza yako ya kielektroniki haina kazi, na pasi mpya bado huna, kwahiyo tiketi ya kwenda kuwaonyesha nyumbani usiikate mpaka pasi iwe mkononi, ukitoka na ya Kenya peke yake ndege ya kurudi Heathrow hawatakupandisha.